Onyesha, Ficha, Kunja: Historia ya Mwonekano wa Vijenzi vya Kiolesura na Nafasi ya Kiswahili Nakawa, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya jambo dogo katika uandishi wa programu za kompyuta za mezani: kukifanya kijenzi cha kiolesura kionekane au kisionekane. Yanaonyesha kwamba kile ambacho kwa mwandishi wa programu ni thamani ya ndiyo au hapana, kwa mtumiaji kina maana zaidi ya mbili, na kwamba tofauti hizo huingia katika lugha mara programu inapotafsiriwa. Mifano ya Kiswahili imechukuliwa katika mnyambuliko wa kutendua na upatanisho wa ngeli. Mahali pa rejea ni Nakawa, Kampala, ambako fomu za kodi, mafunzo ya TEHAMA na sera ya lugha ya Uganda vinakutana.

Utangulizi

Nakawa ipo mashariki mwa jiji la Kampala, kando ya barabara iendayo Jinja. Wengi huifahamu kwa soko lake. Kwa mtafiti wa lugha na teknolojia, hata hivyo, ni eneo lenye mkusanyiko wa taasisi usio wa kawaida. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Uganda (UICT), na katika eneo lake kuna Kituo cha Taifa cha Ubunifu wa TEHAMA. Hapo pia kipo Chuo Kikuu cha Makerere, Shule ya Biashara (MUBS), kilichoundwa mwaka 1997 kwa kuunganisha Kitivo cha Biashara cha Makerere na Chuo cha Taifa cha Mafunzo ya Biashara kilichokuwa Nakawa. Makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) yapo hapohapo, katika jengo la ghorofa 22 lililofunguliwa mwaka 2019. Tume ya Mawasiliano nayo haiko mbali: ofisi zake ziko Bugolobi, ndani ya Divisheni ya Nakawa.

Kwa hiyo wanaofundishwa kuandika programu, wanaozisimamia na wanaozitumia kwa lazima ya sheria wako katika umbali wa kutembea kwa miguu. Uganda, kwa upande wake, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha azimio la kukitumia kama lugha rasmi na kukifanya somo la lazima shuleni. Azimio la namna hiyo likichukuliwa kwa uzito, siku moja litafika kwenye menyu na vitufe vya programu za umma. Likifika huko, litakutana na maamuzi yaliyokwisha kufanywa na wahandisi wa Marekani miongo kadhaa nyuma kuhusu nini kionekane, nini kifichwe, na kwa namna gani.

Kuficha kabla ya dirisha

Desturi ya kuanzia historia ya violesura kwenye kompyuta ya Macintosh inapotosha. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford alionyesha hadharani mfumo wake wa NLS. Miongoni mwa mambo aliyofanya ni kuchukua orodha ya manunuzi ya nyumbani, kuipanga kwa makundi, kisha kuamuru mfumo uonyeshe vichwa vya makundi tu na kuacha vilivyo chini yake. Bidhaa hazikufutwa. Zilikuwapo, ila hazikuonekana. Tofauti hiyo, baina ya kutokuwapo na kutoonekana, ndiyo mzizi wa jambo lote linalojadiliwa hapa, na inafaa kukumbukwa kwamba ilianza kama msaada kwa msomaji wa maandishi marefu. Suala la kupamba skrini lilikuja baadaye.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Xerox huko Palo Alto walileta menyu inayochomoza kipanya kinapobonyezwa na kutoweka kinapoachiwa. Skrini ilikuwa ndogo. Menyu haikuweza kukaa wazi muda wote. Apple ikaja na Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984. Macintosh ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, na jambo hilo lilikuwa na athari ambayo waandishi wa programu wa leo hawaihisi tena: dirisha likifichwa, kompyuta haikuwa imehifadhi picha ya kilichokuwa chini yake. Mfumo ulikokotoa eneo lililofunuliwa na kuiambia programu husika ilichore upya. Kuficha, kwa maneno mengine, kulikuwa kazi, tena kazi ya aliyebaki wazi.

Apple vilevile iliamua jambo la pili, ambalo halikuhusu mashine. Katika mwongozo wa kiolesura uliomo ndani ya Inside Macintosh, uliochapishwa mwaka 1985, waandishi wa programu walielekezwa kwamba amri isiyoweza kutumika kwa wakati fulani ifififishwe, isiondolewe. Menyu ibaki na umbo lilelile ili mtumiaji ajue amri ipo na ajifunze mahali pake. Kwa hiyo tangu miaka hiyo palikuwa na hali tatu: kijenzi kinachoonekana na kufanya kazi, kinachoonekana kikiwa kimefifia, na kisichoonekana. Mjadala kuhusu lini kufifisha na lini kuficha haujaisha hadi leo, na si wa kihandisi tu. Anayefifisha humwambia mtumiaji: kipo, ila si sasa. Anayeficha hamwambii lolote.

Microsoft ilitoa Windows 1.0 Novemba 1985. Ndani yake karibu kila kitu kilihesabiwa kuwa dirisha, hata kitufe, na kila dirisha lilibeba biti moja iliyosema kama linaonekana au la. Tendaji lililobadilisha biti hiyo liliitwa ShowWindow, na amri ya kuficha ilipewa namba 0. Jina lenyewe linaashiria mtazamo: kuficha ni aina mojawapo ya kuonyesha.

Neno Visible na mtego wake

Mei 1991 Visual Basic ilitolewa, na kuficha kijenzi kukageuka kuwa sentensi ya mstari mmoja. Kila kijenzi kilipewa sifa iitwayo Visible, yenye thamani ya kweli au si kweli. Ili kukigeuza, mwandishi aliandika kwamba thamani mpya ni kinyume cha ile ya zamani. Maelfu ya wanafunzi duniani walijifunza programu kwa kitufe kimoja kinachofanya lebo ionekane na itoweke, ionekane na itoweke. Ni zoezi jepesi na linalofurahisha, na pengine ndiyo sababu halikuchunguzwa sana.

Ndani yake kulikuwa na mtego. Visual Basic iliwakilisha kweli kwa namba -1 na si kweli kwa 0, na neno lake la kukanusha liligeuza biti zote za namba. Kinyume cha 0 kikawa -1, na kinyume cha -1 kikawa 0. Mambo yakaenda sawa. Lakini kisanduku cha tiki katika lugha hiyohiyo kilitoa 1 kilipotiwa alama, si -1. Mwanafunzi aliyetaka fremu ifichwe kisanduku kinapotiwa alama, akaandika kwamba mwonekano wa fremu ni kinyume cha thamani ya kisanduku, alipata -2. Kwa kuwa -2 si sifuri, ilihesabiwa kuwa kweli. Na kisanduku kilipoachwa tupu, kinyume cha 0 kilikuwa -1, nacho ni kweli. Fremu haikufichika katika hali yoyote. Kosa la aina hii haliwezi kuonekana kwa kusoma msimbo kwa sauti, kwa sababu sentensi ni sahihi katika lugha ya binadamu. Tatizo ni kwamba "kinyume" ya mashine na "kinyume" ya msemaji hazikuwa neno moja.

Java ilipitia njia nyingine. Toleo la kwanza, la mwaka 1996, lilikuwa na matendaji mawili, moja la kuonyesha na moja la kuficha. Toleo la 1.1 la mwaka 1997 liliyaweka kando na kuleta moja, setVisible, linalopewa kweli au si kweli. Vitenzi viwili vikageuka kuwa sifa moja. Kwa mwanaisimu badiliko hilo linavutia: lugha ya programu ilihama kutoka kwenye jozi ya matendo kwenda kwenye hali.

Pazia na mkeka

Swali lililobaki bila jibu la wazi kwa miaka mingi lilihusu nafasi. Kijenzi kikifichwa, mahali pake panabaki tupu, au majirani wanasogea kuijaza? Pazia likishushwa mbele ya dirisha, dirisha halionekani lakini ukuta haujapungua. Mkeka ukikunjwa, sakafu inarudi na mtu mwingine anaweza kukaa. Yote mawili ni kuficha, na hakuna mwenye nyumba anayeyachanganya.

Waandishi wa programu waliyachanganya kwa muda mrefu. Katika Visual Basic vijenzi viliwekwa kwa vipimo vya kudumu, kwa kizio kiitwacho twipu, 1440 kwa inchi moja. Kijenzi kilichofichwa kiliacha pengo, basi. Java ilipoleta wapangaji wa nafasi, jibu lilitegemea mpangaji: FlowLayout na BorderLayout hupuuza kijenzi kisichoonekana na kuwapa wengine nafasi yake, ilhali GridLayout huacha tundu palepale. Msimbo uleule wa kuficha, katika fremu mbili za programu moja, unaweza kuzaa sura mbili. Katika Tk, anayetumia gridi anaweza kukiondoa kijenzi kwa namna inayokumbuka mahali pake au kwa namna inayosahau kabisa.

Ni Microsoft, katika mfumo wa WPF uliotolewa Novemba 2006, iliyoamua kuacha ndiyo na hapana na kuweka thamani tatu zenye majina: Visible, Hidden na Collapsed. Kwa Kiswahili zinakaa vizuri bila kulazimishwa: kilicho wazi, kilichofichwa, kilichokunjwa. Lugha za ukurasa wa wavuti zilikuwa na tofauti hiyo tayari tangu CSS2 ya mwaka 1998, kwa sifa mbili tofauti. Programu za mezani, zilizokuwa za kwanza kulikabili tatizo, zilikuwa za mwisho kulipa jina.

Kiswahili chaingia kwenye menyu

Mwaka 2004 ni mwaka wa pekee katika Afrika Mashariki. Mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, kifurushi kamili cha programu za ofisi kwa Kiswahili. Mjini Kampala, mwaka huohuo, wajitoleaji walitafsiri kivinjari cha Mozilla kwa Luganda. Microsoft nayo ikafuata kwa kifurushi cha Kiswahili cha Office 2003.

Hilo la mwisho linahitaji kuangaliwa kwa makini. Kifurushi hicho kilitafsiri sehemu zinazotumika zaidi. Zilizobaki zilionekana kwa lugha ya msingi, yaani Kiingereza. Wakati huohuo, Office tangu toleo la 2000 ilikuwa na menyu zinazojificha: amri ambazo mtumiaji hakuzitumia ziliondolewa machoni hadi asubiri kidogo au abofye mshale ulio chini ya menyu. Uamuzi huo haukupendwa, na Office 2007 iliachana na menyu hizo kwa kuleta utepe. Lakini kwa kipindi hicho mtumiaji wa Kiswahili alikutana na pazia mbili kwa pamoja. Alichokiona kwanza kilikuwa cha Kiswahili, na kadiri alivyofunua zaidi ndivyo uwezekano wa kukutana na Kiingereza ulivyoongezeka. Ni vigumu kufikiria mpangilio ambao ungemfundisha haraka zaidi kwamba Kiswahili ni lugha ya juujuu.

Upo ugumu mwingine unaotokana na kufichwa, nao huwapata watafsiri wenyewe. Mtafsiri hupewa orodha ya vifungu vya maneno, mara nyingi bila skrini. Akijaribu programu baada ya kazi, huona vile vilivyo wazi. Onyo linalojitokeza tu namba ya utambulisho ikikosewa, au kidirisha kinachokunjuka tu mtumiaji akichagua hali fulani, halimfikii machoni. Makosa ya tafsiri hukusanyika gizani, palepale ambapo mtumiaji aliyekwama anahitaji lugha iliyo wazi kuliko kwingine kote.

Ficha, fichua, onyesha

Kiswahili kina rasilimali yake. Mnyambuliko wa kutendua hugeuza tendo kuwa kinyume chake kwa kiambishi: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, panga na pangua, tega na tegua. Msemaji wa Luganda haoni ugeni hapo, maana yeye ana ggala na ggula kwa kufunga na kufungua. Kwa mantiki hiyo kinyume cha ficha ni fichua, na jozi ficha/fichua ingekuwa tafsiri nzuri kabisa ya kitufe kinachogeuza mwonekano: shina moja, hali mbili.

Watafsiri hawakuichagua. Walichagua onyesha, na walikuwa na sababu. Fichua katika matumizi ya leo ni kazi ya magazeti na wapelelezi. Hufichuliwa siri, ufisadi, njama. Kitufe kinachosema "Fichua rula" kingemfanya mtumiaji ajiulize rula imefanya nini. Maana ya kisarufi ilikuwa wazi, maana ya kijamii ikawa imeziba njia. Kunja na kunjua hazikupatwa na mkasa huo, na inashangaza kwamba watafsiri wengi wameacha kunjua na kutumia panua, ambayo haisemi kwamba kitu kilikuwa kimekunjwa. (Suala la onyesha na onesha linaweza kuachwa kwa wahariri, mradi programu moja isitumie yote mawili.)

Kuhusu tendo lenyewe la kugeuza, Kiingereza kilichukua neno la mabaharia, kijiti cha kuzuilia kamba melini, likawa jina la swichi na baadaye kitenzi. Kiswahili hutumia geuza, na latosha.

Tatizo zito zaidi liko kwenye hali. Amri haina upatanisho: "Ficha" hukaa sawa mbele ya nomino yoyote. Lakini hali ina ngeli. Kitufe kimefichwa, dirisha limefichwa, upauzana umefichwa, menyu imefichwa, vitufe vimefichwa. Mwandishi wa programu aliyezoea Kiingereza huandika neno moja la hali na kulibandika baada ya jina lolote la kijenzi. Likitafsiriwa kwa Kiswahili, neno hilo moja litakuwa sahihi kwa ngeli moja na kosa kwa nyingine zote. Mtafsiri hawezi kulirekebisha, kwa kuwa kosa halimo katika maneno aliyopewa, limo katika msimbo uliyoyaunganisha. Tiba ni ya kale na haina gharama: sentensi nzima ya hali iandikwe kwa kila kijenzi, au menyu itaje nomino peke yake na kuitia alama ya vema inapoonekana. Njia hii ya pili inafaa Kiswahili kuliko kitufe kinachobadili maneno, tena huondoa utata wa zamani: anayesoma "Ficha" kwenye kitufe anaweza kujiuliza kama hiyo ni amri au taarifa, na vilevile "Onyesha" ina herufi saba mahali pa nne za Kiingereza, kiasi cha kukatwa mwisho katika fomu za vipimo vya kudumu.

Fomu ya kodi kama programu ya mezani

Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilianza mfumo wake wa kodi wa kielektroniki mwaka 2009. Kwa miaka mingi mlipa kodi alipakua ritani kama kitabu cha Excel, akaruhusu makro, akajaza, akabonyeza kitufe cha kuhakiki, kisha akapakia faili lililotokana. Watu wengi hawaiiti hiyo programu ya mezani, ingawa kwa kila kigezo ni programu ya mezani: ina fomu, vitufe na msimbo, nao msimbo wa makro za Excel ni jamaa wa Visual Basic.

Mazingira hayo ya Excel yana ngazi ya tatu ya kuficha ambayo haipatikani kwingine. Laha inaweza kuonekana. Inaweza kufichwa, na hapo mtumiaji hubofya kwa kitufe cha kulia na kuirudisha. Au inaweza kupewa hali ambayo kwa jina la msimbo ni VeryHidden, isiyotajwa hata kwenye orodha ya laha zilizofichwa. Hiyo hurudishwa kwa msimbo au katika kihariri cha Visual Basic. Kiswahili kinaweza kuzitenganisha bila kuongeza kielezi. Iliyofichwa ina mfichaji anayejulikana na mfichuaji anayewezekana; iliyofichika, kwa kauli ya kutendeka, ipo katika hali ambayo mtumiaji hana mkono wa kuifikia. Wala hali hiyo si ulinzi, kwa kuwa data imo ndani ya faili na mwenye ujuzi ataisoma.

Kwa fomu ya umma, chaguo baina ya kuficha, kukunja na kufifisha lina uzito wa kisheria. Sehemu ya unafuu au punguzo ikifichwa kwa sababu ya jibu fulani la awali, mlipa kodi aliyekosea jibu hilo hatajua kwamba sehemu hiyo ipo. Ikifififishwa ikiwa na sentensi moja ya maelezo, atauliza. Na ikiwa sentensi hiyo imeandikwa kwa lugha asiyoisoma vizuri, kufifisha kumekuwa kuficha kwa jina lingine.

Hapa historia ya lugha ya Uganda inajirudia kwa namna isiyopendeza. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, kikabaki na sifa ya lugha ya kambi za jeshi. Marekebisho ya mwaka 2005 yalikipa hadhi ya lugha rasmi ya pili, kwa sharti kwamba kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Kimekuwapo katika Katiba kama laha iliyomo ndani ya kitabu, ikingoja amri kutoka mahali ambapo msomaji wa kawaida hafiki.

Washauri wa sera wanaoandaa masharti ya zabuni za mifumo ya umma wanaweza kulishughulikia jambo hili kwa maneno machache, mradi wayaandike kabla ya usanifu. Zabuni inaweza kudai kwamba matini za vijenzi vyote zitolewe kwa mtafsiri pamoja na picha za skrini zikiwa zimekunjuliwa, zikiwemo zile za maonyo. Kwamba taarifa za hali zisiunganishwe kwa vipande. Na kwamba kila sehemu inayofichwa kwa masharti iandikwe sharti lake katika mwongozo wa mtumiaji, kwa Kiswahili. Walimu wa UICT na MUBS, kwa upande wao, wanalo zoezi la kitufe na lebo tayari. Linahitaji kuongezewa lebo ya pili yenye nomino ya ngeli nyingine, ili mwanafunzi aone sentensi yake ikivunjika mbele yake katika somo la kwanza.